Bibi Titi Mohamed: Mama Aliyewatoa Wanawake Uani



Tarehe 31 Julai ni Siku ya Wanawake wa Afrika. Wengi wetu tunaisherehekea kwa ngoma na michezo bila kujua ilikotoka. Siku kama hiyo mwaka 1962, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao. Wakati huo OAU ilikuwa bado haijazaliwa; ilianzishwa Addis Ababa mwezi Mei 1963. Yaani akina mama walitangulia, na wakuu wa nchi wakafuata nyuma yao. Kwa kuwa jambo hilo lilitendeka katika nchi hii inayotuhifadhi, Kamati yetu imeona kwamba toleo hili la kumbukumbu lieleze maisha ya mama mmoja wa nchi hii. Naye ni Bibi Titi Mohamed.

Tunayo sababu nyingine, nayo ni ya hapa kambini. Hivi karibuni tutachagua viongozi wa mitaa na wa zoni. Nafasi za wanawake zimetengwa, lakini katika uchaguzi uliopita baadhi zilibaki wazi kwa kukosa wagombea. Tulipopita nyumba kwa nyumba kuuliza sababu, tulipewa majibu ya namna tatu. Wengine walisema hawakusoma. Wengine walisema waume zao hawataki. Wengine waliona aibu tu, wakasema wao si kitu hata wasimame mbele ya watu. Tunaomba kila aliyetoa jibu mojawapo kati ya hayo asome habari hii, au asomewe na mwanawe.

UTOTO WAKE

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ambao walipewa kuitawala baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazazi wake walikuwa Waislamu. Baba yake hakupenda binti apelekwe shule ya serikali, kwa kuogopa kwamba huko angepoteza dini yake. Baba alipofariki, mama yake ndiye aliyefanya bidii mtoto akapata kusoma. Akasoma miaka michache tu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, na masomo yakaishia hapo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 14 aliozwa kwa mtu aliyemzidi sana umri. Alizaa naye binti mmoja, lakini ndoa hiyo haikudumu.

Basi hadi hapo maisha yake hayakuwa na tofauti na ya mama zetu wengi. Shule kidogo, ndoa mapema, mtoto, talaka. Mtu angemwona wakati huo asingedhani kwamba jina lake lingekuja kuandikwa kwenye barabara kubwa ya jiji.

Alichokuwa nacho kilikuwa sauti. Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa na vikundi vingi vya ngoma vya akina mama. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kiitwacho Bomba. Tusividharau vikundi hivyo. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake, michango yake, na sare zake. Mwenzao akiozesha, walikwenda. Akifiwa, walikwenda pia, na mchango mkononi. Wanawake wa makabila mbalimbali waliokutana mjini walijuana humo, wakazungumza Kiswahili, wakazoea kuongozana na kuwekeana amana. Wakoloni waliona ngoma tu. Kumbe ndani ya ngoma mlikuwa na chama kilichokuwa tayari, kikingoja kazi.

KUINGIA KATIKA SIASA

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Rais wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, ambaye mwaka uliofuata aliacha ualimu ili kukitumikia chama. Bibi Titi wakati huo alikuwa ameolewa na Boi Selemani, dereva wa teksi, ambaye aliwafahamu watu wa TANU. Mume na mke walikata kadi mapema, wakawa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, wa chama cha Labour. Alikutana na viongozi wa TANU, akawauliza kuhusu wanawake wa chama, wako wapi. Swali hilo liliwatia viongozi aibu, maana wanawake hawakuwepo mbele. Wake zao walikuwa nyumbani. Ndipo akatafutwa Bibi Titi. Muda si mrefu kikaundwa kitengo cha akina mama, yeye akawa kiongozi wake, na pamoja naye Tatu binti Mzee.

Kazi ya kwanza aliyoifanya inafaa kufikiriwa sana na sisi tunaopenda kuitisha semina. Hakuanza kwa kubandika matangazo, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja mmoja. Kila kiongozi akarudi kwa watu wake, na kikundi kizima kikaingia TANU kwa pamoja. Katika muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Ni vizuri tueleze kwa nini wanawake hao walihitajiwa hivyo. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Makarani na walimu wa serikali, yaani watu waliosoma, wakafungwa midomo kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Lakini mama aliyeuza maandazi, vitumbua, samaki au pombe hakuwa na mshahara wa serikali wa kukatwa. Alikuwa na senti zake mwenyewe. Aliweza kukata kadi, kuchangia, kuficha makaratasi ya chama chini ya kanga, kumlaza mgeni na kupeleka habari mtaa hadi mtaa. Basi kutosoma kwao, kulikohesabiwa kuwa upungufu, siku zile kuliwapa uhuru ambao wasomi hawakuwa nao.

Kuhusu waume, tusiseme mambo yalikuwa rahisi. Wanaume wengi waliona mwanamke anayekwenda mkutanoni amepotea. Iliwabidi viongozi wa TANU wenyewe kuzungumza na waume na kuomba ruhusa kwa heshima, ili wake zao watoke. Bibi Titi alikuwa na bahati kwamba mumewe mwenyewe alikuwa mwanachama. Lakini hata kwa walioruhusiwa, kutoka uani hadi uwanjani ilikuwa safari.

Yeye mwenyewe aliogopa. Alizoea kuimba mbele ya watu, lakini kuhutubia ni jambo jingine. Akajifunza kwa kufanya. Sauti ile iliyovuta watu kwenye ngoma ikavuta watu kwenye mikutano ya hadhara. Alisafiri na Nyerere na viongozi wengine majimboni, katika barabara mbovu, akisema na watu ambao hawajawahi kumwona mwanamke akipanda jukwaani. Hakuwa na lugha ya kigeni. Alisema Kiswahili kilichonyooka, kikaeleweka na Mpogoro, na Mnyamwezi, na Mzaramo. Sisi tunaotoka Kivu, Burundi na kwingineko, ambao hapa kambini tunaelewana kwa Kiswahili hicho hicho, tunajua thamani ya jambo hilo.

Chaguzi za kwanza za mwaka 1958 na 1959 zilikuwa na masharti magumu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu au kipato cha kiwango fulani, na kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wanawake wengi waliouza vitumbua ili chama kipate nauli hawakuruhusiwa kupiga kura. Hata hivyo hawakuacha kazi. Mwezi Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

KATIKA UONGOZI WA NCHI

Bibi Titi akaingia Bungeni na kuwa mbunge wa Rufiji, akapewa pia kazi ya waziri mdogo. Mwaka 1962 vikundi vya wanawake viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na yeye akawa Mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo ndipo ulipofanyika ule mkutano wa wanawake wa Afrika tulioutaja mwanzoni. Mtoto wa Dar es Salaam aliyetolewa shule akaozwa sasa alikuwa katika uongozi wa kitaifa, naye alikuwa na umri wa miaka 36 tu.

Lakini cheo si kitanda cha kulalia. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wananchi walichagua kati ya wagombea wawili wa chama kile kile, na viongozi kadhaa wakubwa waliangushwa. Bibi Titi alikuwa mmoja wao. Rufiji ilimchagua mwingine.

Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Pamoja na mambo mengine, liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Aliona kwamba mwanamke ambaye hana shule wala pensheni, nyumba ndiyo uzee wake. Akajiuzulu ujumbe wa Kamati Kuu ya TANU. Katika kuandaa toleo hili tulibishana juu ya jambo hilo. Wapo waliosema kiongozi lazima awe wa kwanza kutii kanuni, na kwamba Azimio lilikuwa la kuwalinda wanyonge. Wapo waliosema alifanya haki kuondoka waziwazi, kuliko kubaki na cheo huku akiandikisha nyumba kwa jina la shemeji. Tunawaachia wasomaji.

KUANGUKA NA KUFUNGWA

Baadhi ya wenzetu walitaka sehemu hii tuiruke. Walisema toleo la kumbukumbu ni la sifa, na sisi ni wageni katika nchi hii, haitufai kugusa kesi za wenyeji wetu. Tumeona tuieleze kwa ufupi na kwa heshima, bila kuhukumu, kwa sababu maisha yaliyokatwa nusu hayamfundishi mtu. Isitoshe, karibu kila nyumba humu kambini ina mtu aliyewahi kuwa juu na sasa yuko chini.

Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na wengine, akiwamo Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri. Walishtakiwa kwa uhaini, yaani kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na ambaye alikuwa amehamia Uingereza, alitajwa kuwa ndiye mkuu wa njama hiyo. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Georges, ikaisha mwaka 1971. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu Uhuru. Bibi Titi alikana mashtaka, na hakuacha kukana. Mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 aliachiwa kwa uamuzi wa Rais Nyerere, yule yule aliyepanda naye majukwaa miaka ya hamsini. Akarudi mtaani Dar es Salaam. Hakuwa tena na cheo. Picha yake haikutoka magazetini. Marafiki wengi walimkwepa, maana mtu aliyefungwa kwa uhaini ni kama nyumba yenye ndui. Vijana waliozaliwa miaka hiyo walikua wakisoma historia ya Uhuru ambayo jina lake lilitajwa kidogo au halikutajwa kabisa.

Hali hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Akaishi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hakukimbilia nchi nyingine kutafuta jukwaa la kulipiza. Katika miaka ya themanini mtafiti wa historia, Susan Geiger, alianza kuwatafuta wanawake wa TANU na kurekodi maelezo yao. Bibi Titi naye akaeleza yake. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1997, na wengi nje ya nchi wakajua kwa mara ya kwanza kwamba Uhuru wa Tanganyika haukuletwa na wanaume peke yao.

KUKUMBUKWA

Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano ya Uhuru. Aliyeandikwa msaliti akaandikwa shujaa, naye alikuwa hai kuyasikia yote mawili. Si watu wengi hupata bahati hiyo.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi akamfuata mwaka mmoja baadaye. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali huko Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74.

Leo anayefika katikati ya Dar es Salaam atapita katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ndugu zetu wa Kongo watapenda kujua kwamba si mbali na hapo uko mtaa unaoitwa Lumumba, na kwamba makao ya TANU ya siku zile yalikuwa katika mtaa huo, kabla haujapewa jina hilo. Mama aliyeimba Bomba na mzalendo wa Kongo wamekuwa majirani katika ramani ya jiji.

WALIOFUATA

Bibi Titi hakuwa peke yake katika eneo letu, na mlango haukufungwa baada yake. Kongo ilipata waziri wake wa kwanza mwanamke mwaka 1966, naye ni Sophie Kanza. Mwezi Julai 1993 Burundi ilimpata Sylvie Kinigi kuwa waziri mkuu, na mwezi huo huo Rwanda ikampata Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia, ambaye aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji yale tunayoyajua. Mwezi Machi 2021 Samia Suluhu Hassan akawa Rais wa Tanzania, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa Kongo. Hao walisoma vyuo vikuu. Wa kwanza tuliyemweleza hapa hakufika huko, na ndiyo sababu tumemchagua yeye.

TUNACHOOMBA

Ndugu wasomaji, tunayarudia sasa yale majibu matatu. Anayesema hakusoma, akumbuke kwamba TANU ilimfuata Bibi Titi kwa sababu watu walimsikiliza, na jambo hilo cheti hakilitoi. Hapa kwetu yuko mama anayepanga foleni ya maji bila ugomvi, na mwingine anayetunza pesa za upatu za watu ishirini bila daftari na bila senti kupotea. Hao ni viongozi tayari. Kuandika barua ni kazi ya katibu, na makatibu tunao.

Mume asiyetaka, tunamwomba aje kwetu tuzungumze. Wazee wa Kamati wako tayari kumtembelea nyumbani, kwa heshima, kama walivyofanya wazee wa TANU. Hatumnyang'anyi mke wake. Tunamwomba Jumanne mbili kwa mwezi.

Anayeona aibu, hatuna dawa ya kumpa isipokuwa kumwambia kwamba Bibi Titi naye aliogopa, akasimama hivyo hivyo. Aje na wenzake wa kikundi chake. Mtu hasimami peke yake akiwa na watu wake nyuma.

Wafanyakazi wa mashirika, nanyi tunawaomba jambo dogo. Mikutano isiitishwe siku ya mgao wala saa za kuteka maji, halafu ikaandikwa katika ripoti kwamba wanawake hawakuhudhuria. Na lugha ya mkutano iwe ile ambayo muuza vitumbua anaielewa.

Mwisho, tusidanganyane. Uongozi una thamani yake na una gharama yake. Bibi Titi alishangiliwa, akaangushwa katika kura, akafungwa, akasahauliwa, akakumbukwa. Anayejitokeza ajue kwamba watu watamsema, pengine kwa haki na pengine kwa uongo. Hata mjumbe wa mtaa anayegawa sabuni husemwa. Lakini bila watu wa namna hiyo akina mama wangalikuwa bado uani, wakisikia kwa mbali wanaume wakiamua bei ya unga.

Karatasi za kujiandikisha ziko ofisi ya Kamati, na asiyejua kuandika ataandikiwa. Tunawatakia nyote Siku njema ya Wanawake wa Afrika.

Ni sisi, Kamati ya Wakazi.